Muulize Shangazi Spana: Kranki Imelala Bafuni

Wiki hii barua za Shangazi zinanuka petroli. Ni nne, zote kutoka London, na zote zinahusu gari moja: Mini ya zamani, ile aliyoibuni Alec Issigonis, ikatoka 1959 na vimagurudumu vyake vya inchi 10, ikaendelea kuundwa mpaka 2000. Kwa msionifahamu, Shangazi hana cheti cha ufundi. Alichonacho ni miaka 22 ya kumshikia tochi marehemu mumewe akiwa chini ya gari. Mshika tochi huona kila kitu, na ndiye anayegombezwa.

*Shangazi, shikamoo. Tunaishi Barking, fleti ya chumba na sebule. Mume wangu alinunua Mini ya 1983, cc 998, akasema ni ya kwendea msikitini tu. Tangu Mfungo Mosi injini imeshushwa. Bloku liko jikoni juu ya magazeti, kranki imelala bafuni, na jana nilipofungua friza kutafuta sambusa nikatoa beringi mbili ndani ya mfuko. Nikimuuliza anatafuta nini, anasema nguvu. Nguvu ya nini? Msikiti uko mtaa wa pili. – Mke wa Fundi, Barking*

Marahaba, mwanangu. La friza usimlaumu, hajarukwa na akili. Chuma kikipigwa na baridi hunywea kidogo, beringi ikaingia mahali pake bila nyundo. Mpe droo ya chini, iandikwe jina lake. Oveni ndiyo umkatalie. Atakuambia anapasha kitu kidogo tu, dakika kumi tu, na biriani yenu ya Idi Kubwa itanukia gereji.

La nguvu ndilo zito. Muulize silinda kazichonga kiasi gani. Wengi huishia milimita moja na nusu hivi, kisha wanatia pistoni za ovasaizi na kutembea kifua mbele. Nimepiga hesabu kwa injini hiyo: silinda zote nne zikijumlishwa, cc 998 inakuwa kama 1046. Nyongeza ni cc 48, kikombe cha kahawa ya barazani hakijai. Kwa ajili ya kikombe hicho wewe unaoga kwa ndoo.

Kisha muulize breki. John Cooper alikuwa na gereji Surbiton, kusini magharibi ya London hiyohiyo, na magari yake yalichukua ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960, Jack Brabham akiwa kwenye usukani. Mini yake ilipotoka 1961, farasi wamepanda kutoka 34 hadi 55, magurudumu ya mbele yalikuwa yameshatiwa breki za diski. (Issigonis mwenyewe wala hakulifurahia wazo la Mini ya mbio. Kwake Mini ilikuwa gari ya mtu na mkewe na kapu la sokoni.) Basi mtu aliyewashinda wenziwe dunia nzima alifikiria pia namna ya kusimama, na Mini ya mumeo, kama hakuibadilisha, ya 1983 hiyo, ina breki za drami mbele na nyuma. Mwambie diski kwanza, pistoni baadaye. Ataona umeingia kwenye ufundi, atashtuka, na huenda bafu likarudi.

*Shangazi, mjomba wangu ni fundi Gerezani, Dar es Salaam, ananielekeza kwa WhatsApp. Nimefuata yote: hedi imesagwa, kamshafti ya mashindano, kabureta mbili, egzozi ya bomba pana. Mlio ni wa simba. Lakini kwenye taa inazimika, kwenye barabara ya North Circular inachemsha, na juzi dada mmoja mwenye Yaris alinipita huku anakunywa chai. – Simba wa Harlesden*

Mjomba wako si mwongo, ila hiyo dawa ni ya mgonjwa mwingine. Amezoea injini za Toyota, ambazo kila silinda ina njia yake ya kuvutia hewa. Hedi ya Mini ni nyumba ya vyumba vinne na milango miwili. Silinda ya 1 na ya 2 zinachangia mlango, ya 3 na ya 4 zinachangia mwingine. Sasa sikiliza balaa lenyewe: zinawaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2. Ukiitazama vizuri, wanaochangia mlango ndio wanaofuatana. Wa tatu hajamaliza kuvuta, wa nne kashafika anasukuma. Wa pili hivyohivyo, wa kwanza yuko mgongoni. Kama umewahi kukaa nyumba ya kuchangia hapo Harlesden, unaijua foleni ya choo saa kumi na mbili asubuhi.

Wewe umewanunulia wapangaji hao kabureta mbili. Umepanua uwanja, mlango ni uleule. Pesa ya injini hii huliwa na hedi: kulainisha njia za hewa, kutia valvu pana kidogo za kuvutia, kukata viti vya valvu kwa pembe sahihi ili zikae bila kuvuja. Ni kazi ya siku nyingi na vumbi la chuma puani, na ikiisha haionekani wala haisikiki. Ndiyo maana vijana hawaitaki.

Kamshafti ya mashindano nayo huziacha valvu wazi muda mrefu. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, inashukuru. Ikizunguka 900 kwenye taa nyekundu, inakabwa, inakohoa, inazima. Na wewe 6000 utazifikia wapi? Barabara chungu nzima za London mwisho wake siku hizi ni maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Punda wa Lamu akitishwa hapo hapo anakufikia. Rudisha kamshafti ya kistaarabu, yenye kuvuta kuanzia chini.

Kuchemka nako kuna sababu zake. Radieta ya Mini ya zamani imebanwa ubavuni, feni inapulizia upande wa tairi, haipati upepo wa mbele kama gari nyingine. Kusaga hedi kumebana chumba cha moto, na moto umezidi. Isafishe radieta au utie nene zaidi, na uangalie umesaga kiasi gani kabla gasketi haijakusemea. Petroli pia. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli mpaka asilimia 10, nayo hula mipira ya zamani ya mafuta. Tia ile ya bei juu, pampu ya pembeni.

Ulichokinunua wewe ni mlio, mwanangu. Mlio una raha yake, Shangazi hakatazi. Hata marehemu alikuwa akipita chini ya daraja makusudi. Ila usiuite nguvu mbele ya dada wa Yaris.

*Shangazi, nimetoa injini ya cc 998 nikatia ya 1275. Gari inaruka. Nikiwaambia watu wa bima watapandisha bei. Nikinyamaza? – Mjanja, Wembley*

Mjanja, bima iliyofichwa injini ni karatasi ya kufungia karanga. Siku utakapomgonga mtu pale Ealing Road, wa kwanza kufungua boneti ni wao. Waambie, na DVLA, wasajili wa magari, uwapelekee ukubwa mpya na namba ya injini. Wala usiogope mno: 1275 na 998 ni ndugu wa tumbo moja, na kubadilisha ukubwa ndani ya injini ileile hakuhesabiwi kuwa umeigeuza gari. Hilo ni muhimu kwako, maana tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ ni London nzima, pauni 12.50 kwa siku kwa gari chafu, na mzee wa zaidi ya miaka 40 aliyeandikishwa kama gari la kihistoria anapita bure. Ukitia injini ya pikipiki, hapo usiniandikie mimi, tafuta wakili.

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 19, Mzanzibari wa East Ham. Babu aliniachia Mini yake na sanduku la spana. Injini nimeifungua na kuifunga mwenyewe, kila boliti nililihifadhi kwenye mfuko wenye jina. Wajomba wanakuja kila Jumapili, wanaizunguka gari mikono nyuma, wanasema haitawaka. Imebaki kuiwasha tu. Naogopa. – Mjukuu*

Marahaba, mjukuu wangu. Mifuko yenye majina! Marehemu wangu alikuwa anatia kila kitu kwenye kopo moja la Blue Band, na kila akimaliza yanabaki maboliti matatu, akisema ni ya akiba.

Kabla ya kuwasha, pima tena nafasi za valvu, injini ikiwa baridi: milimita 0.30. Usikisie kwa kucha, hata kama babu alikisia. Toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime, ndipo uzirudishe. Ikishika moto, usiiache ikinguruma chini chini kwa huruma. Ipandishe kwenye 2000 hivi kwa dakika 20, maana kama umetia kamshafti mpya, yenyewe na vikombe vyake vinatakiwa kuzoeana wakati huo, na kwa mwendo mdogo oili ya kurushwa haiwafikii vizuri, wanasagana. Wengi waliojenga injini nzuri waliiua kwenye dakika hizo, wamekaa pembeni wakiisikiliza ikinong'ona.

Oili uimwage mapema, usingoje. Kwenye Mini injini na gia boksi wanakunywa oili moja, kama wake wenza wanaopikia sufuria moja: uchafu wa mmoja ni chakula cha mwenzake. Tia plagi ya kumwagia yenye sumaku, na uitazame kila ukiitoa. Unga wa kijivu ni kawaida. Ukiona kipande chenye umbo, simama.

Wajomba usiwafukuze. Mmoja ashike tochi, mwingine akae na kizimamoto, wa tatu atazame saa, dakika 20 kamili, asizungumze. Na kwa kuwa East Ham nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, majirani wapelekee mkate wa kumimina kabla ya kuwasha, usingoje waje kubisha hodi.