Kompyuta Inayojifanya Hainijui

Binadamu akikukana una la kumfanya. Utamwonyesha kitambulisho, utamtajia babu yake, utamkumbusha deni. Kompyuta ikikukana huna pa kuishika. Inatoa kile kilio chake kifupi, inakuandikia kwamba kifaa cha USB ulichochomeka hakitambuliki, kisha inanyamaza kama karani aliyeshusha dirisha saa saba kasoro ili akale githeri. Ukichomoa na kuchomeka tena, inarudia maneno yale yale, bila hata kupandisha sauti.

Wala sikuiletea kifaa cha ugenini. Kamera hii na kompyuta hii zimekaa nyumba moja hapa Uthiru kwa miaka, zikila stima ya tokeni moja. Zimepokezana picha za mahafali, za matanga na za kuku. Sasa nimetoka kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya mpwa wangu kule Kikuyu, ndipo kompyuta inaona huu ndio wakati mwafaka wa kuuliza huyu ni nani.

Kila mtu kwenye ruracio hiyo alikuwa na simu, lakini wazee walisema picha za simu hazina heshima. Walitaka za kamera, zile za kutundikwa ukutani juu ya kalenda. Basi nikapiga: wazee wakihesabu, wazee wakikataa hesabu, mbuzi waliofika na lango ambalo mbuzi wengine walisemekana wangepitia. Kabla sijavua viatu nyumbani, shangazi alikuwa ameshaandika kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp: "Baba Mapacha, picha?" Asubuhi akaandika tena, safari hii bila hata kunitaja jina.

Ugonjwa haufichiki kwenye ploti. Jirani wa juu alisikia, akashuka, akaketi kwenye kiti changu, akaagiza chai yangu. Nairobi hii kila mtu ni fundi wa kitu ambacho hajawahi kukinunua.

"Umezima ukawasha?"

Nimezima, nimewasha.

"Betri?"

Imejaa. Hilo, kusema kweli, ni swali la maana, kwa sababu kamera yenye betri dhaifu huweza kukata mawasiliano katikati ya mazungumzo. Akaniambia nihamie matundu ya nyuma ya kompyuta, yaliyoshikamana na ubao wenyewe, niachane na yale ya mbele yanayopitia kijiwaya kingine ndani. Nikatambaa chini ya meza, nikatoka na utando wa buibui na jibu lile lile.

Kisha akaingia kwenye menyu ya kamera. Kumbe kamera nyingi zina namna mbili za kujitambulisha. Zinaweza kusema "mimi ni kamera", nayo kompyuta iziombe picha kwa utaratibu. Au zinaweza kusema "mimi ni diski tu", nayo kompyuta iingie na kujipakulia. Tulijaribu ya kwanza, tukajaribu ya pili. Kompyuta ikatukataa kwa lugha zote mbili.

Hapo jirani akapandwa na ari. Akafuta draiva ya kamera ili ijisakinishe upya. Haikujisakinisha. Badala yake kompyuta ikaisahau na printa. Akakuna kidevu, akatoa hukumu: "Fomati kadi, Baba Mapacha. Fomati tu, uanze upya."

Nianze upya vipi? Niwarudishe wazee Kikuyu, niwaombe wakatae tena ile hesabu? Nikamshukuru, nikampokonya kikombe.

Aliyegundua penye kidonda ni mama watoto, ambaye hajawahi kudai kwamba anajua kompyuta. Aliushika waya, akaukunja shingoni, ukalegea. Mapacha walikuwa wameutumia kuburutia lori la plastiki. Nilipowaita, kila mmoja akamshtaki mwenzake kwa ufasaha.

Ungedhani kununua waya ni kazi ya dakika tano. USB ilipoletwa mwaka 1996, tuliahidiwa mwisho wa vurugu, tundu moja la kila kifaa. Kisha wakazaa mini, wakazaa micro, wakazaa C, na kampuni kadhaa za kamera zikaona hata hayo hayatoshi, zikajichongea plagi zao zenye pini nane, zisizoingia popote duniani isipokuwa kwenye kamera zao. Yangu inatumia mini, kizazi ambacho maduka ya Kangemi yameshakizika. "Hizo ni za zamani, mzee," kijana mmoja aliniambia huku akinitazama kuanzia viatuni. "Jaribu Luthuli."

Matatu ikaenda vizuri mpaka tulipokaribia Westlands, pale barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 inapoanza. Walio nazo wanapaa juu. Sisi tunabaki Waiyaki Way kuhesabu nguzo zao. Katika foleni ile nilipata muda wa kutosha kumfikiria Steve Sasson, yule mhandisi kijana wa Kodak aliyeunda kamera ya kwanza ya kidijitali mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ilipiga picha zisizo na rangi, na kila picha ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Naam, kaseti. Lakini sikia hili: Sasson na wenzake waliunda pia mtambo wa kuisoma ile kaseti na kuonyesha picha kwenye runinga. Aliyemzaa bwana harusi ndiye aliyemzaa bibi harusi. Nani angemkana mwenzake? Kutotambuana kulikuja baadaye, kamera zilipoanza kutengenezwa na huyu, kompyuta na yule, na waya na mtu asiyejulikana anakoishi. Kodak yenyewe, baada ya kuizaa teknolojia hiyo, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2012. Nikashuka mjini nikiwa nimemsamehe Sasson.

Luthuli Avenue ina jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ile ya mwaka 1960. Mtu wa amani, wakampa mtaa ambao kila duka linajaribu woofa yake kwa wakati mmoja. Unauliza bei kwa vidole. Nikapenya ndani ya jengo moja la vibanda, vile vya upana wa mlango, nikamwonyesha muuzaji tundu la kamera. Hakutazama mara mbili. Akachomoa waya mweusi kwenye fungu lililoning'inia.

"Hii hapa, boss wangu. Oriji."

"Inapitisha picha?"

"Inapitisha kila kitu. Ikikataa, rudi hapa uniulize."

Nikalipa kwa M-Pesa. Nyumbani nikachomeka mbele ya ukoo wote, maana shangazi alikuwa kwenye simu akisubiri. Taa ya chaji ikawaka kwenye kamera. Kompyuta, kimya. Si kilio, si ujumbe. Awali ilikuwa ikinikana. Sasa haikutaka hata kujua kama nimeingia.

Niliporudi kwenye kile kibanda nilimkuta kijana mwingine kabisa. Aliyeniuzia, akasema, ameenda Eastleigh, na harudi leo, na labda hata kesho. Kisha akanionyesha kidole chini ya risiti, palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Herufi zenyewe zilihitaji kamera ili kusomeka.

Nikaondoka kwa hasira za miguu, nikavuka Moi Avenue bila shabaha, nikajikuta kwenye uwanja wa KICC, mbele ya sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta aliyeketi pale akitazama watu wakipita. Wapiga picha wa pale hawakosi mteja kwa aibu. Mmoja akanifuata, kamera yake shingoni, akaitazama kamera yangu shingoni, na bado akauliza: "Picha moja na Mzee, mkubwa? Unaichukua sasa hivi."

Nilimpa jibu refu kuliko swali. Nilimwaga yote: Kikuyu, shangazi, printa iliyosahaulika. Akaomba auone waya. Akaupitisha katikati ya vidole, akacheka.

"Huu ni wa chaji tu, mzee. Sikia ulivyo mwembamba."

Ndiyo hiyo siri. Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za data. Mtengenezaji anayebana senti hutia mbili za kwanza, anazivika ganda lile lile, plagi ile ile, anakwenda kulala. Kamera inapata umeme, inawaka, unafurahi. Kompyuta haijaambiwa lolote, kwa sababu hakuna uzi wa kuiambia.

"Na sisi hapa hatutumii waya kabisa," akaendelea. "Mteja akisimama, napiga, natoa kadi, nakimbiza kwa printa. Nikianza kuunganisha waya, mteja atakuwa amefika Machakos."

Nilimlipa picha moja na Mzee. Haki ni haki. Nikanunua kadi rida ndogo kwenye duka la karibu kwa bei ya soda chache, nikarudi Uthiru, nikatoa kadi kwenye kamera, nikaichomeka. Folda ikafunguka, picha zote zimo, wazee wakikataa hesabu mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wa namba. Kompyuta haikuomba radhi. Ilikuwa na ujasiri wa kuniuliza kama ningependa kuzipanga kwa tarehe.

Picha zilipofika kwenye kikundi, shangazi alizipitia zote, akaandika: "Mbona kwenye hii nimefumba macho?" Kisha akaomba video.

Ulaya wamechoka na ujinga huu. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu, tableti na hata kamera za kidijitali zinazochajiwa kwa waya na kuuzwa huko lazima ziwe na tundu la C. Vyema, ingawa sheria yao haijafika kwenye katoni yangu ya nyaya chini ya kitanda, wala haikuzuia mtu kuuza waya wa C wenye nyuzi mbili. Sisi hapa tuna KEBS, shirika la viwango, wenye alama yao ya ubora kwenye chupa za maji. Wangetulazimishia tu waya wa chaji uwe wa rangi ya waridi, tuukwepe kwa mbali. Najua, watasema bajeti.

Jana usiku jirani wa juu aligonga mlango. Kamera ya shemeji yake haitambuliki kwenye kompyuta, ameshafuta draiva, je, sina waya wa ziada? Nikampa ule wa Luthuli. Nilimwambia ni oriji.