Taa za Rangi, Diski ya Enzi

Bwana mkubwa kaunda kompyuta mpya: prosesa ya kisasa, RAM gigabaiti 32, feni zinazowaka rangi zote. Kisha akachomoa diski kuu ya mwaka 2012 kwenye mashine yake ya zamani, akaipachika kwenye hiyo mpya na kuitaka iendeshe kila kitu. Ni ile ya sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, inakoroma kama mzee baada ya ubwabwa.

Anawasha. Kioo cheusi. Mfumo endeshi uliomo diskini ulisimikwa kwa utaratibu wa BIOS, ubao mpya unataka UEFI. Hata ukikubali kuwaka, Windows itadai leseni, maana ile iliyokuja na mashine kutoka dukani imefungwa kwenye ubao wa zamani; haihami na diski.

Fundi anamshauri anunue SSD, asimike mfumo upya, diski kongwe ibaki ghala la picha za harusi. Bwana ananuna: “Nyie mafundi mnapenda hela tu!” Bei ya feni hakuiuliza.

Ndugu yangu, kabla hujachomoa waya wowote, nakili mafaili yako kwingine. Na SSD nunua. Hizo taa zingesubiri mwisho wa mwezi.