Farasi Hawadumu Miono

Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, na katika msafara wake walikuwemo farasi wawili. Hawakufika mbali. Wote wawili walimfia mahali paitwapo Kingaru, katika nchi ya Wakwere, mmoja akifuata nyayo za mwenzake. Stanley akaamuru yule wa kwanza azikwe. Punde jumbe wa pale akaja kudai faini ya nguo: nani kakupa ruhusa ya kuzika mnyama kwenye ardhi yangu?

Wakwere hao ni majirani zetu, na kwa sababu hiyo nilishtuka Mjomba wangu, mkazi wa Miono, alipotangaza kwamba amenunua farasi 225 kwa mpigo.

Farasi hao walikuwa chini ya boneti ya Toyota Soarer ya mwaka 1995, gari la kifahari la milango miwili, viti vya ngozi, injini ya 2JZ ya lita tatu na silinda sita. Mjomba ni mstaafu wa bandarini. Maisha yake yote ya kazi aliyatazama magari ya wenzake yakishuka melini, na siku kiinua mgongo kilipoingia, akaona zamu yake imefika. Ukimwuliza kwa nini hakununua Noah kama binadamu wengine, hujibu kwamba Noah ni gari la kubebea watu.

Hapo ndipo ugomvi wake na Miono ulipoanzia. Kwetu gari hupimwa kwa mzigo. Fuso hubeba mahindi, Noah hubeba abiria, bodaboda hubeba vyote viwili na mbuzi juu. Gari la milango miwili lilionekana kama nyumba iliyoishiwa fedha za kumalizia. Mkewe, ambaye ni mwanamke wa mwili na heshima zake, alifunguliwa mlango akaambiwa akae nyuma, kwa sababu mbele kulikuwa na mgeni. Wajapani waliotengeneza gari hili walijua milango yake ni mirefu, wakaifungia bawaba za pekee ili ifunguke kwa kutoka nje kidogo na kusogea mbele, mtu apite hata pakiwa pembamba. Hawakupima kwa doti ya khanga. Aliingia kwa mafungu, na kutoka alitoka kwa kusaidiwa na majirani.

Watoto nao walikuwa na lao. Nembo ya Soarer ni simba mwenye mabawa. Watoto wa Miono, ambao simba wa Saadani si wa hadithini, walimkagua kwa makini wakatoa uamuzi kwamba ni mbwa aliyebeba kuku.

Mjomba aliyavumilia yote hayo. Lililomshinda ni mlima wa Wami.

Anayetoka Chalinze kuja kwetu hupita Lugoba na Msata, kisha barabara hushuka bondeni kwenye Mto Wami na kupanda tena kabla hujakata kona ya Mandera. Daraja la zamani la mwaka 1959 lilikuwa jembamba la gari moja kwa zamu. Sasa kuna jipya, refu la zaidi ya mita 500, wala huna sababu ya kusimama. Kwa maana hiyo dereva hana kisingizio tena. Tulishuka kwa madaha, tukaanza kupanda, na pale katikati ya mlima gari likaanza kukohoa. Mjomba akakanyaga mafuta mpaka mguu ukakoma. Gari likatoa sauti ya mtu anayebeba kabati peke yake. Lori la saruji likatupita. Halafu likatupita basi. Halafu, na hili aliniomba nisilisimulie, ikatupita bajaji yenye magunia ya mkaa, na dereva wake akapiga honi ya kutupa pole.

"Hewa ya huku nzito," alisema Mjomba.

Kwa kweli hewa nzito ndiyo injini inayoitaka. Injini hula hewa kuliko inavyokula petroli, na hewa ikiwa nyepesi, kama ilivyo mlimani, nguvu hupungua kiasi cha sehemu moja ya kumi kwa kila mita elfu unazopanda. Gari la Nairobi au Mbeya lina haki ya kulalamika. Sisi tulio karibu na usawa wa bahari hatuna pa kusingizia isipokuwa joto. Lakini mjomba wako hasahihishwi mbele ya bajaji.

Jioni ile suala lilipelekwa kwenye baraza la kahawa, na kila mtu akawa fundi. Vijana walisema Mjomba aliuziwa Soarer isiyo yenyewe. Yenyewe ni ile ya 1JZ, lita mbili na nusu, yenye tabo mbili na farasi 280. Mmoja akasema hao 280 ni wa kwenye karatasi tu, kwa sababu kampuni za Japani zilikubaliana zamani zisitangaze gari lenye zaidi ya hapo, na mapatano hayo hayakuvunjwa mpaka mwaka 2004. Alisema kweli. Mjomba akaumia mara mbili: kwanza farasi wake ni wachache, pili kumbe wenzake wana wengine wa siri.

Akapewa ushauri wa kung'oa injini na kuweka nyingine. Mzee mmoja, karani mstaafu, akamkumbusha kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ukibadilisha injini bila kuwaarifu wahusika unakuwa na gari ambalo kwenye karatasi halipo. Wazo hilo likafa. Likazaliwa la bei nafuu.

Mjomba alikwenda Kariakoo akarudi na boksi. Ndani mlikuwa na kidude cha plastiki chenye pangaboi ndogo, kinachounganishwa na betri na kuchomekwa kwenye bomba la kuvutia hewa. Muuzaji alikiita tabo ya umeme. Tabo ya kweli husukumwa na moshi wa injini wenyewe, huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kazi inayofanya ingehitaji umeme wa kuangaza mtaa mzima. Kile kidude kilivuma kwa sauti ya nyuki aliyefungiwa chupani. Tulikiwasha, gari likaenda vilevile. Tukakizima, likaenda vizuri kidogo.

Mkewe alikiokota uvunguni mwa meza, akakiunganisha na betri ya sola, akakielekeza kwenye jiko la mkaa. Mkaa uliwaka mpaka sufuria ikaimba. Mwaka ule hakuna nyumba Miono iliyoivisha maharage mapema kama ile.

Likafuata suala la ekzozi. Kuna imani katika mkoa wetu wa Pwani, na nadhani hata ng'ambo, kwamba nguvu ya gari iko kwenye kelele. Hoja haikosi chembe ya ukweli: moshi ukitoka kwa urahisi, hewa mpya huingia kwa urahisi, na masega ya bomba la moshi yakiziba kwa uzee injini hukabwa koo. Ila masega ya Mjomba hayakuwa yameziba. Kijana mmoja alikata tu sailensa, akaitupa, na gari likapata sauti ya Fuso tatu. Kuku waliacha kutaga. Mwadhini alituma ujumbe wa heshima. Mjomba mwenyewe alifurahi kupindukia, akiapa kwamba sasa gari lina farasi wote na ziada, wakati sisi tuliokaa ndani tuliona mshale wa spidi umelala palepale. Kwa kelele zile asingeweza kusikia kwamba injini inamisi, na ilikuwa inamisi siku zote.

Tiba ya tatu ilikuwa kupunguza uzito. Hii ni elimu safi kabisa. Soarer ina zaidi ya kilo 1,500, na kila kilo unayoitoa ni farasi umemwongezea pumzi. Hata wakubwa walijua hilo: Mercedes-Benz walipoleta kupe yao ya kifahari, 450 SLC 5.0, kwenye Safari Rally ya 1979, boneti na kifuniko cha buti vilikuwa vya aluminiamu. Ikawa ya pili. Aliyeshinda ni Shekhar Mehta ndani ya kigari cha Datsun 160J. Nilimsimulia Mjomba habari hii nikidhani itampoza. Yeye akasikia neno moja tu, kupunguza. Akatoa tairi la akiba, jeki, zulia la buti na viti vya nyuma, huku mkewe akimtazama kwa namna iliyonifanya nihesabu nani atafuata kutolewa.

Tulipata pancha tukiwa tumekwisha acha lami pale Mandera. Nyuma tulikuwa tumepakia mananasi ya Kiwangwa, zawadi ya mtu, yenye uzito wa tairi la akiba na jeki yake na kitu juu. Gari likasogezwa pembeni kwa nguvu za wapita njia, nasi tukasubiri tairi liende kwa bodaboda na kurudi. Misafara ya Bagamoyo ilitegemea mabega ya wapagazi kwa sababu mbung'o hawakumwacha mnyama akaishi, na jioni ile, nikiwa nimeegemea buti na matope yakiwa magotini, sikuona kama mengi yamebadilika.

Hatimaye gari lilipelekwa kwa fundi mzee wa Chalinze, mtu asiyezungumza. Fundi alimwomba Mjomba kwanza arudishe sailensa, ili aweze kusikia. Akapima kompresheni ya silinda moja moja; zote nzima. Akafungua boksi la hewa, akatoa filta. Ilikuwa nyekundu, imejaa vumbi la Miono kiasi cha kupandia mchicha. Akachunguza waya za plagi, akauona mmoja umepasuka, umeme unarukia kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Kumbe tulikuwa tunapanda Wami kwa silinda tano. Kisha akaingia ndani, akakanyaga pedali ya mafuta, akainama, akavuta kitu.

Ulikuwa mkeka. Ukili mzuri, wa rangi tatu, aliousuka mkewe ili vumbi lisiharibu zulia. Ulikuwa umejikunja chini ya pedali, kwa hiyo mguu wa Mjomba ulipofika mwisho, mwisho wenyewe ulikuwa bado mbali.

Filta mpya, waya mpya, plagi sita, mkeka ukawekwa upande wa abiria. Gharama yote haikufika bei ya ile tabo ya umeme. Fundi alitamka sentensi yake moja: "Mzee, huwezi kuongeza kabla hujarudisha."

Tukarudi nyumbani. Mlima wa Wami tuliupanda kama vile bonde halipo. Mjomba alicheka peke yake, akaacha kucheka, akaanza tena. Tulipoingia kwenye makazi, penye kibao cha 50, bado alikuwa anacheka, na askari wa usalama barabarani akajitokeza kutoka kivuli cha mwembe na tochi yake mkononi. Themanini na moja. Faini elfu thelathini.

Stanley alidaiwa faini kwa ajili ya farasi mfu. Mjomba alidaiwa kwa walio hai, na sijapata kumwona mtu akilipa kwa furaha kiasi kile. Alishuka, akasalimia, akaomba aonyeshwe ile namba kwenye tochi, akaomba aonyeshwe tena, akauliza kama haiwezekani iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Askari alidhani anakejeliwa.

Karatasi ile ya faini sasa imebandikwa kwenye baraza la kahawa, na anayesema Soarer haina nguvu huoneshwa ushahidi wa serikali. Juzi Mjomba alikwenda jikoni kwa hatua za kunyata. Alikuwa amefikiri, akaona kwamba injini ikishakuwa nzima hivi, labda ile tabo ya umeme ingeweza kuongeza kidogo.

"Iache hapohapo," mkewe alisema bila kugeuka. "Ijumaa tuna hitima, na pilau ni la watu mia."