Chujio Lililokufa Hutiririka Vizuri

Katika nyumba yenye chujio la maji la kubebeka, hakuna chombo kinachoheshimiwa kimakosa kuliko hicho. Huwekwa kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni, hupanguswa vumbi, na mtoto akitaka kulishika huambiwa anawe mikono kwanza. Amri ni njema, ila imetangulizwa: mtoto ndiye aliye safi, na kunawa kwake kungefaa zaidi baada ya kulishika. Machujio mengi ya safari hayaui kitu. Hayachemshi, hayana dawa, wala hayana ugomvi na kijidudu yeyote. Yanamzuia tu asipite, kisha yanakaa naye. Kila lita ya maji safi unayokunywa imeacha uchafu wake mle ndani, na kadiri chujio linavyofanya kazi yake kwa uaminifu ndivyo linavyozidi kuwa chafu. Kwa hiyo mwenye chujio ni mtunza uchafu, na ajali zake nyingi zinatokana na kujidhani mtunza usafi.

Ndani ya machujio haya mna kifungu cha nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati, na kuta za nyuzi hizo zina vitundu vya maikroni 0.1 au 0.2. Bakteria wa kipindupindu ana upana wa kama nusu maikroni, na kijidudu giadia ni bonge la mtu mbele yake. Wote wawili hukwama. Wakishakuwa wengi, pamoja na tope lao, maji huanza kutoka kwa kudondoka, na hapo ndipo mwenye mali hulalamika kwamba ameuziwa kitu kibovu. Kumbe kuzubaa kule ni risiti ya kazi iliyofanyika. Dawa yake ni kurudisha maji kwa nguvu kutoka upande wa kutokea, kwa lile bomba la sindano linalouzwa pamoja na machujio ya namna hii, ambalo kwa kawaida hutupwa siku ileile pamoja na boksi. Aliyelihifadhi naye ana mtego wake: mkono wake mmoja uko mtoni, bomba liko mkono wa pili, basi analijaza maji yaleyale ya mtoni na kuyasukuma ndani kupitia upande pekee uliokuwa haujaguswa na chochote. Amesafisha chujio kwa kulichafua sehemu lisipoweza kujitetea. Ndugu yake katika kosa hilo ni yule anayechota kwa dumu, anachuja kwa makini, kisha anakingia maji yaliyochujwa katika dumu lilelile kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Maji hayo yamesafiri safari ndefu ili yarudi nyumbani.

Mkasa mkubwa kuliko yote, hata hivyo, hutokea Kilimanjaro. Anayepanda kwa njia ya Machame huyakuta maji ya mwisho katika bonde la Karanga. Kutoka pale hadi kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, maji hupanda kwa mabega ya wapagazi. Mgeni huchuja chupa zake, humshukuru Mungu, na usiku hulaza chujio nje ya hema ili lisimlowanishie nguo. Maji yaliyobaki kwenye zile nyuzi huganda, yanatanuka, yanazipasua. Kwa macho huoni ufa wowote. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba chujio lililokwisha kulowa likiganda ni la kutupwa, na ndiyo maana wenye uzoefu hulala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, jambo ambalo wenzi wao hulipokea kwa hisia mchanganyiko. Ila tazama malipo ya uzembe: nyuzi zikishapasuka, maji yanaweza kupita bila kizuizi, mgeni akafurahi kwamba baridi ya mlimani imemponyea chujio lake. Lililo hai lilikuwa linatukanwa kwa uvivu. Marehemu anasifiwa kwa bidii.

Hapa mtu atasema: makuu ya nini yote haya, nguo safi inatosha. Ana ushahidi kuliko anavyodhani. Nchini Bangladesh, mtafiti Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na matokeo waliyochapisha mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48. Sababu ni kwamba bakteria wale hupenda kusafiri wamepanda juu ya vidudu vya majini vinavyofanana na kamba wadogo, na nguo iliyokunjwa huzuia gari pamoja na abiria. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kanga yetu ingeshindwa kazi hiyo, na kuitanguliza mbele ya chujio ni akili, kwa kuwa tope linalobaki kwenye kanga halizibi nyuzi. Lakini asilimia 48 maana yake zaidi ya nusu ya tatizo bado ipo mezani. Isitoshe, kanga nayo inakuwa mtunza uchafu: ikigeuzwa upande safari inayofuata, wale waliozuiwa jana wanaoshwa hadi kwenye sufuria leo. Basi isuuzwe, ianikwe juani hadi ikauke, na isirudi kuwa ya kubebea mtoto.

Mwingine atasema chemsha tu, na huyu ana hoja nzito zaidi. Moto huua virusi, na virusi ndio aibu ya machujio haya: kirusi cha homa ya ini aina ya A kina kama maikroni 0.03, kwa hiyo kwenye kitundu cha 0.2 kinapita bila hata kuinamisha kichwa. Hata kule Barafu, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 85 tu, joto hilo linatosha kuua. CDC, taasisi ya afya ya Marekani, inashauri maji yachemke kwa dakika moja, na dakika tatu ukivuka mita 2,000. Tatizo la moto ni bei ya mkaa, na kwamba maji yakipoa hayana ulinzi tena, huku kata ya kuchotea ikilala sakafuni. Mimi ningemwozesha chujio kwa klorini. Vidonge huwamaliza virusi waliopenya, chujio hukamata kijidudu kriptosporidia ambaye klorini haimtishi, na klorini inayobaki kwenye ndoo inaendelea kulinda zamu baada ya wote kwenda kulala. Wazee waliokunywa mtoni wakafika miaka tisini ninawaheshimu. Wasiofika hawapo kutoa maoni yao.

Kuna pia wanaolidai chujio miujiza. Chumvi ya bahari haikamatwi na nyuzi hizi, wala floridi, inayopaka meno rangi ya kahawia huko Arusha na kandokando ya Meru. Kilichoyeyuka hakina umbo la kuzuiliwa na kitundu. Kwa floridi lilihitajika chujio la aina nyingine kabisa, na Askwar Hilonga wa Arusha alipounda lake, la mchanga uliochanganywa na chembe za nano, alipewa mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Limebaki jambo la urithi. Wageni wakishuka mlimani hupenda kuwaachia wapagazi vifaa vyao: koti, tochi, fimbo, na mara nyingine chujio, likisindikizwa na sifa kwamba siku za mwisho lilikuwa linatoa maji kwa kasi ya ajabu. Mpagazi, ambaye safari nzima alikunywa chai iliyochemka na tumbo lake halikumsumbua, ana haki ya kuuliza kabla ya kusema asante: usiku ule wa Barafu, lililala wapi?