Koma Tano za Kiingereza Zinazomtoa Jasho Mwanafunzi wa Chanzuru

Darasa la saba pale Chanzuru, wilayani Kilosa, mtoto kalimaliza kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu kila kitabu kimegeuka Kiingereza, na ushauri anaobeba ni mmoja: weka koma unapovuta pumzi. Ushauri huo tuuzike leo. Koma inafuata maana. Tunahesabu kushuka!

5. Ya "although". Kwetu "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulilima" inapita bila kukwaruza. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja: "Although it rained, we farmed." Wewe "but", kaa pembeni, zamu yako inakuja.

4. Ya "but". Zamu yenyewe hii! Kila upande ukiwa na kiima na kitenzi chake, weka koma: "The maize was ready, but the lorry was late." Kiima kikiwa kimoja, acha: "The lorry came and left." Lori halikusubiri, koma isubiri nini?

3. Ya "or". Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, ilitaja kazi za chakula zisizo na malipo ya saa za ziada, ikamalizia na kufungasha "for shipment or distribution", bila koma kabla ya "or". Madereva wa Oakhurst Dairy wakasema: sisi tunasambaza maziwa, hatufungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikawakubalia, na mwaka uliofuata kampuni ikaridhia kulipa dola milioni 5. Anayeidharau koma akazungumze na madereva hao.

2. Ya "which". Hizi hutembea mbili mbili: "Mikumi National Park, which was established in 1964, has many elephants." Hifadhi ya Mikumi ni moja tu, mwaka ni nyongeza. Ukiweka koma ya kwanza ukasahau ya pili, umeacha geti wazi: tembo hao, mahindini!

1. Ya "who". "My brother who farms in Chanzuru has called": kaka ninao kadhaa, aliyepiga ni yule mkulima. "My brother, who farms in Chanzuru, has called": kaka ninaye mmoja. Koma mbili tu, ukoo umepungua! Kwa hiyo, mwalimu, kabla hujashika kalamu nyekundu, muulize kwanza mwanafunzi wako ana kaka wangapi.