Sifa za Hundi Iliyochapwa Nyumbani

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndiyo maana wenye busara huchagua kwa makini wa kumsifu. Mimi nimechagua kitu kisicho na hatari hiyo, kwa kuwa tembo lake lilikuwa maji tangu siku ya kwanza: hundi ya benki inayochapwa nyumbani, kwa printa ya nyumbani, kutoka kwenye programu ya hesabu za nyumbani. Sifa zake hazijaimbwa na yeyote. Wanaoijua huitaja huku wakisonya, na wasioijua hawaamini kwamba ipo.

Ipo, na makao yake ni Marekani. Huko wangaliko wenye nyumba wasiopokea kodi ila kwa hundi, na mafundi bomba, na makanisa, na walimu wa piano. Mtu aliyetoka kwetu akahamia Minneapolis au Houston anaweza kumtumia mama yake pesa Kakamega zikaingia kwenye simu kabla hawajamaliza kuamkiana. Lakini kodi ya mwenye nyumba anayeishi ghorofa ya chini huitia kwenye bahasha, akaibandika stempu. Mwanzoni huandika hundi kwa kalamu. Akichoka, hukumbuka kwamba ile programu anamowekea hesabu zake ina menyu ya kuchapisha hundi. Hapo ndipo masomo huanza.

Tutaje nasaba kwanza, maana hakuna anayesifiwa vizuri bila kutajiwa ukoo. Hundi ni mwana wa watu. Miongoni mwa zile kongwe zilizosalia Uingereza imo moja ya mwaka 1659, ya pauni 400, iliyoandikwa kwa mkono kwa wenye benki wa London. Kwa karibu miaka 300 mambo yakawa ni yaleyale: karatasi, kalamu na kuaminiana. Katika miaka ya 1950 karatasi ziliwazidi nguvu makarani wa Bank of America, benki ikawaendea watafiti wa Stanford Research Institute, California, nao mwaka 1955 wakaonyesha mashine iliyoitwa ERMA. Kutokana na kazi hiyo hundi ikavishwa zile tarakimu za ajabu za ukingo wa chini, zenye matumbo upande mmoja na wembamba upande mwingine, zinazochapwa kwa wino wa sumaku ili mashine izisome. Alama zake ni 14 tu: tarakimu 10 na viashiria 4. Kisha, mwaka 1983, Scott Cook, ambaye mkewe alikuwa akilalamikia adha ya kulipa bili, aliungana na kijana mtunzi wa programu, Tom Proulx, wakaanzisha kampuni ya Intuit na kuitoa Quicken, programu ya hesabu za nyumbani. Kwa hiyo mtoto huyu ana babu wa London, baba wa sumaku, na mama aliyechoshwa na bili. Nani kati yenu ana ukoo kama huo?

Sasa tuzitazame fadhila zake. Ya kwanza ni subira. Karatasi hununuliwa ikiwa tayari na jina la benki, namba ya akaunti na mstari wa sumaku, mara nyingi hundi tatu katika ukurasa mmoja. Printa imebakiziwa kazi ndogo tu: tarehe, jina la mlipwaji, kiasi kwa tarakimu, kiasi kwa maneno, anwani na maelezo. Kalamu huyamaliza hayo kwa dakika moja, na hapo ndipo ilipo dosari ya kalamu, kwani haimfunzi mtu chochote. Printa hufunza. Unachapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, unaiweka juu ya karatasi ya hundi ukingo kwa ukingo, kisha unazibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha mchana ili mwanga upenye. Hapo unaona jina limeelea juu ya mstari wake, tarehe imeparamia anwani ya benki, na kiasi kimetoka nje ya kisanduku chake nusu nzima kama mtu anayening'inia mlangoni mwa daladala. Unarudi kwenye programu, unasogeza milimita tatu kushoto na mbili chini, unachapa tena. Safari hii kiasi kimeingia ndani, ila jina limepanda tena.

Mtu asiye na subira angeacha. Wewe unaendelea, mpaka unapokiona kwenye mipangilio ya printa kile kisanduku kidogo ambacho mtu asiyejulikana alikiwekea alama ya vema, kinachoufinya kila ukurasa ili utoshee. Au unagundua kwamba printa imekuwa ikiamini muda wote huo kwamba inachapa kwenye A4, yenye urefu wa milimita 297, ilhali karatasi ya Wamarekani ina milimita 279 tu. Kutoka hapo hutaitazama tena karatasi yoyote kwa dharau. Utakuwa umejua kwamba dunia imegawanyika kwa milimita 18, na kwamba wewe na mwenye nyumba wako mnaishi katika mpasuko huo.

Fadhila ya pili ni kumfanya mtu mkweli. Kila karatasi imeshapewa namba kiwandani, na programu nayo ina namba zake inazohesabu kivyake. Karatasi ikikwama tumboni mwa printa, mmoja anasema tumefika 1043 na mwingine anasema 1044. Ndipo kijidirisha kinapojitokeza kuuliza, kwa upole wa kadhi, kama hundi zote zimechapika sawasawa. Swali hilo halina haraka. Ukijibu ndiyo kwa pupa, vitabu vyako vitashuhudia kwamba fundi bomba amelipwa kwa hundi ambayo hivi sasa iko kwenye pipa la taka. Ukijibu hapana, itakubidi uitoe ile iliyokunjamana, uinyooshe, uiandikie kwa herufi kubwa kwamba ni batili, uiweke kwenye faili, kisha uiambie programu namba mpya. Wapo watu wazima wasioweza kukiri kosa kwa wake zao wala kwa waume zao, lakini mbele ya kijidirisha hicho wameungama.

Ya tatu ni ufasaha. Ni wapi tena siku hizi pesa huandikwa kwa maneno? Simu haijali: unabonyeza sifuri, unabonyeza nyingine, na ukibonyeza moja ya ziada utajijua mwenyewe. Programu ya hundi huchukua 950 na kuitamka kamili, dola mia tisa na hamsini, senti ikiziweka kama sehemu ya mia, halafu hutandaza nyota hadi mwisho wa mstari ili mwizi asipate pa kuchomeka neno. Kumlipa mtu wa kukata nyasi kwa mstari wenye nyota ni heshima ambayo hata wafalme hawakuipata.

Na maneno hayo si pambo. Kanuni za biashara zinazofuatwa Marekani zinasema wazi kwamba maneno na tarakimu vikipingana, maneno ndiyo yanayoshika. Zinaendelea kusema kwamba yaliyopigwa taipu huyashinda yaliyochapwa kiwandani, na yaliyoandikwa kwa mkono huyashinda yote mawili. Hapa ndipo unapoonekana unyenyekevu wa huyu ninayemsifu. Baada ya babu, baba na mama, baada ya sumaku na milimita na nyota, ukurasa hutoka kwenye printa ukiwa na uvungu mmoja mtupu chini kulia. Hauna thamani hata ya senti mpaka mtu achukue ileile kalamu aliyokuwa akiikimbia na kutia sahihi. Mashine nyingine hujivuna kwamba zimemwondoa binadamu. Hii humpa kazi yote, kisha humwomba pia ruhusa.

Wabezaji husema safari ya hundi ni mzunguko wa bure. Tuwasikilize, kwa sababu wana hoja. Mwezi wa Septemba 2001, ndege zilipozuiwa kuruka Marekani baada ya mashambulizi, mizigo ya hundi iliyokuwa ikisafirishwa kwa ndege baina ya benki nayo ikakwama. Bunge lao likapitisha sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2003, ikaanza kazi Oktoba 2004, inayoruhusu nakala iliyotokana na picha ya hundi kusimama badala ya hundi yenyewe. Leo mwenye nyumba huiweka hundi yako mezani, akaipiga picha kwa simu, na basi. Kwa hiyo deni lako lilizaliwa kwenye kompyuta, likageuzwa karatasi, likatiwa kwenye bahasha yenye dirisha, likapanda gari la posta, likatolewa, likapigwa picha, likarudi kwenye kompyuta. Na karatasi ikachanwachanwa. Wabezaji huuliza kwa nini lisingebaki kwenye kompyuta tangu mwanzo.

Swali la watu wasiowajali jirani zao. Hesabuni mliowalisha: aliyetengeneza karatasi, aliyeuza wino kwa bei ya manukato, aliyekata dirisha la bahasha, aliyechora stempu, dereva wa posta na mtengenezaji wa mashine ya kuchanachana. Pesa inayokwenda moja kwa moja hailishi hata mmoja wao. Hata wezi hundi haiwasahau. Wako wanaovizia masanduku ya barua, wakaziosha hundi kwa kemikali mpaka wino utoke, kisha wakaandika jina na kiasi wanachotaka. Mahali pengine fedha chafu hutakatishwa. Hapa fedha safi ndiyo inayooshwa.

Washindani tusiwafiche. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2009 Benki Kuu ya Kenya iliweka kikomo kwamba hundi moja isizidi shilingi milioni 1. Afrika Kusini waliacha kabisa kupokea hundi mwisho wa mwaka 2020. Hakuna anayebisha kwamba simu ni nyepesi. Lakini wepesi huo una tabia yake: pesa hutangulia kuondoka, na hesabu hufuata baadaye, mara nyingi mwisho wa mwezi, mtu akishangaa zimekwenda wapi. Hundi ya programu hukataa utaratibu huo. Huwezi kuichapa kabla hujaandika unamlipa nani, lini, kiasi gani na kwa ajili ya nini. Mara tu unapoandika, salio lako hushuka papo hapo, hata kama bahasha haijaondoka mezani. Benki itakwambia una dola 2,000. Programu, ikijua kuna kodi ya 950 iliyo njiani, itakwambia una 1,050. Benki imesema iliyoyaona. Programu imesema uliyoahidi. Wengi waliofilisika waliifuata benki.

Maadui wanazidi kukaribia. Machi 2025 rais wa Marekani alitia sahihi agizo la kuitaka serikali kuu iache hundi za karatasi ifikapo tarehe 30 Septemba mwaka huo, na haikosi siku ambapo hata walimu wa piano watafuata. Basi atakayeshangilia ashangilie. Ila mtu huyo ajue kwamba hatafundishwa tena milimita, wala hataulizwa tena na kijidirisha kama yote yamekwenda sawasawa, wala hatalazimika kuitamka pesa yake kwa maneno kabla ya kuiachia.

Kanuni zilezile za biashara hazilazimishi benki kuilipa hundi ya kawaida iliyopitisha miezi sita tangu tarehe yake. Sifa hizi nazo nimeziandika kwa maneno, nimeziwekea nyota na kuzitia sahihi kwa mkono. Anayezitaka azipeleke benki mapema.