Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kikopo cha makohozi kutoka Mwamanyili

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Kwa heshima na taadhima, nikijua mezani kwako kuna mazito kuliko ya kata yetu hapa Busega, mkoani Simiyu, naomba uniwie radhi kwa dakika hizi chache.

Nakuandikia kwa ajili ya mama yangu mdogo. Aliwahi kuugua TB akapona. Miaka ikapita, kikohozi kikarudi, akakonda. Darubini ikaonyesha vimelea, akaanzishiwa dozi ya miezi sita. Akaimaliza, mkojo mwekundu kwa dawa, kikohozi palepale. Akaanzishiwa tena. Majirani wakaacha kunywa chai kwake. Wakasema hamezi dawa. Mheshimiwa, alimeza. Vidonge nilimhesabia mimi. Baadaye mashine ya GeneXpert ikasema hana TB, akarudi nyumbani bila jina la ugonjwa.

Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba kusema kwamba darubini na mashine huenda zote zilisema kweli. Wapo bakteria jamaa wa TB, waishio kwenye maji na udongo. Darubini haiwatofautishi na wale wa TB, nayo GeneXpert haikuundwa kuwatafuta. Bakteria hao hushambulia zaidi mapafu yenye makovu. Utafiti wa Tanga uliochapishwa mwaka 2016 uliwakuta kwa takriban mtu mmoja katika kila kumi waliodhaniwa kuwa na TB. Ni kweli, kuwakuta mara moja hakutoshi. Huenda wamepita tu. Ndiyo maana wataalamu hutaka dalili, picha ya kifua, na makohozi ya angalau siku mbili tofauti yaliyootesha kimelea kilekile maabarani. Tiba nayo hufuata jina. Kundi mojawapo la jamaa hao, liitwalo avium, hutibiwa kwa azithromaisini, rifampisini na ethambutoli, kwa miezi 12 tangu makohozi yaache kuotesha. Pairazinamidi aliyomeza mama katika dozi ya TB haiwagusi.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni moja. Darubini ikisema vimelea vipo na GeneXpert ikikana, tafadhali agiza kikopo kisafirishwe hadi maabara inayootesha na kutambua aina, kabla ya dozi nyingine kuanza. Kisafiri kikopo, mgonjwa abaki kwake. Na majibu yarudi.

Yakija na jina la jamaa hao, kwa ruhusa ya mama nitayasoma kwa sauti uani kwake, majirani wasikie kwamba kwa kawaida ugonjwa huo hauambukizi kutoka mtu hadi mtu.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Mwamanyili